Kuchagua tairi za gari ya mbio hapa Mombasa: za kaskazi, za masika, na zile za theluji ambazo huenda umevaa bila kujua

Kabla hujaendelea kusoma, kama gari iko hapo nje shuka na tochi ya simu uiname kwa tairi ya mbele usome maandishi yote ya ubavuni, si lile jina kubwa peke yake. Ukikuta neno STUDLESS, au kile kialama cha mlima wa vilele vitatu na theluji katikati, basi gari yako yaelekea imevaa tairi za theluji na wewe uko Mombasa, na hii nimekuandikia wewe kwanza.

Mimi yalinipata. Subaru WRX yangu niliitoa yadi moja hapa mjini, gari safi, rangi yang'aa, tairi zina meno marefu mpaka nkafurahi kuwa pesa ya tairi nshaiokoa. Ilikuwa mwezi wa pili, kaskazi yenyewe. Wiki ya kwanza nikaona gari ina ulegevu fulani, wageuza usukani na kichwa cha gari chafuata baadaye kidogo, kama uko juu ya godoro. Nikadhani ni bushi, nikabadilisha bushi. Nikadhani alaimenti, nikafanya alaimenti. Halafu mvua moja ya ghafla nikitoka daraja la Nyali kuingia kisiwani, matatu mbele yangu ikasimama papo hapo, nikakanyaga breki, ABS (ile ya kuzuia magurudumu yasifunge) yagonga mguu tu na gari haisimami, yaenda. Ilisimama, alhamdulillahi, na nafasi iliobaki ni ya mtu kupita kwa ubavu. Binti yangu alikuwa kiti cha nyuma.

Kesho yake nikaenda kwa mzee mmoja wa tairi Mwembe Tayari. Nikamsalimia nikaanza kumweleza habari za bushi, hata hakunisikiliza, aliinama akabonyeza tairi kwa ukucha, ukucha ukaingia. Akaniambia, "Mwanangu, hii ni tairi ya barafu. Wewe waenda nayo wapi?"

Sasa gari yafikaje Mombasa imevaa viatu vya theluji. Japani, hasa kule juu Hokkaido na Tohoku, theluji yaanguka kweli kweli na watu wana seti mbili za tairi, ikikaribia Disemba wavaa stadlesi, ndio hizo STUDLESS za theluji, theluji ikiisha kwenye mwezi wa nne hivi warudisha za kawaida. Gari ikiuzwa mnadani Januari yauzwa na ilichovaa siku hio, yapanda meli, yashuka bandarini kwetu, yaenda yadi, na njia yote hio hakuna mtu ambaye kazi yake ni kukuulizia tairi hii ni ya wapi. Utakayeuliza ni wewe. Na ukishakuta stadlesi usiishie hapo, ingia na uvunguni, kwa sababu barabara za kule humwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu, na gari ilioishi kwenye theluji huenda imeila hio chumvi, angalia kutu kwa bomba la egzosi na mikono ya sasipenshoni. Majina ambayo utayaona sana kwa tairi za theluji za Kijapani ni Blizzak ya Bridgestone, iceGUARD ya Yokohama na Winter Maxx ya Dunlop. Ni tairi nzuri sana, kwa kazi yake, kule.

Shida ni raba. Raba ya tairi ya kawaida yaanza kukakamaa hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, kwa hivyo ile ya theluji hutengenezwa na raba laini makusudi ili ibaki laini kwenye baridi, na meno yake hukatwa vimistari vyembamba vingi kama vya wembe, kila kimoja king'ate barafu. Sasa chukua hio raba uilete kwetu, ambapo usiku wa baridi kabisa wa mwezi wa saba bado ni nyuzi 20 hivi na mchana wa Machi ni 32, 33, na lami ya saa nane mchana huwezi hata kuikalisha kiganja. Raba yawa kama chingamu. Yale meno yaliyokatwa katwa yapinda huku na huku ukigeuza usukani, ndio ule ulegevu mimi nikiusingizia bushi, tairi yaisha mbio, na breki yataka njia ndefu, kwenye ukavu na kwenye maji pia. Watu wengi huteleza hapo kwenye maji, wasema "lakini ina meno marefu, mvua itaiweza". Meno kazi yake ni kutoa maji chini ya tairi. Kinachoshika lami ni raba, na raba hio haikutengenezewa lami yetu.

Kingine ni herufi ya spidi. Stadlesi nyingi utakuta zimeandikwa Q, maana yake mwisho wake ni kilomita 160 kwa saa, na gari kama Subaru STI au Mitsubishi Evo kiwandani zilitoka na tairi za W, ambayo ni 270, au Y, ambayo ni 300. Sikwambii ukimbie, sheria yetu ni 110 kwa haiwei na 50 mjini na hizo zatosha. Lakini ile herufi ni kipimo cha joto ambalo tairi yaweza kubeba kabla haijaanza kuachana ndani, na joto ndio tulilonalo sisi mwaka mzima.

Tuje kwa majira yetu sasa. Kutokuwa na theluji haimaanishi hatuna msimu, wazee wa majahazi walipanga maisha yao yote kwa kaskazi na kusi na barabara nayo yafuata upepo huo huo. Kaskazi ni Disemba mpaka Machi, joto kavu. Upepo ukigeuka Aprili masika yaingia, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa Mombasa. Halafu vuli kwenye Oktoba na Novemba. Kwa mtu wa tairi hio ni misimu miwili tu, joto kavu na joto la maji, baridi haimo kabisa. Hata ukipanda Nairobi mwezi wa saba, alfajiri yao ya nyuzi 11 au 12 bado iko juu ya ile 7. Kwa hivyo wewe wa pwani wavaa tairi ya kiangazi mwaka mzima, na usije ukauziwa ile ya misimu yote yenye M+S (matope na theluji) eti ni ya kujihami, kwa gari ya familia ya kwenda sokoni sawa haina neno, lakini kwa gari yenye tabo na nguvu za farasi 250 au 300 utakuwa umelipia uwezo wa theluji ambao hutautumia hata siku moja na umeutoa kwenye breki na kona ambazo wazitumia kila siku.

Na jina "tairi ya kiangazi" ladanganya, naomba hili ulishike. Mtu akisikia kiangazi adhani ni ya ukavu tu, mvua ikija atafute nyingine. Sivyo. Tairi nzuri ya kiangazi ya gari ya mbio imetengenezewa joto na mvua ya joto, raba yake imechanganywa silika (silica, unga wa jamii ya mchanga) ambayo ndio husaidia kushika lami yenye maji, na ina mifereji mipana ya kuzunguka tairi yote ya kubeba maji nje. Yaani ni tairi ya Mei ya Mombasa kabisa.

Sasa kwenye duka wachagua vipi. Mimi naanza na maji kwa sababu ukavu wetu karibu tairi yoyote nzuri itauweza, masika ndio mtihani. Tairi nyingi za gari za mbio ubavuni kuna maneno matatu, TREADWEAR na namba, TRACTION na herufi, TEMPERATURE na herufi. TRACTION hupimwa kwa breki ya mstari ulionyooka kwenye lami yenye maji, madaraja ni AA, A, B, C. Tafuta AA, A ikubali, chini ya hapo kwa gari ya nguvu mimi siweki. TEMPERATURE ni uwezo wa kuvumilia joto la spidi, A, B, C, na kwa gari yako ni A na hakuna mjadala. TREADWEAR ni kipimo cha kulika, namba kubwa tairi yakaa zaidi, namba ndogo raba ni laini na yashika zaidi, lakini usilinganishe namba za kampuni moja na nyingine kama vile ni mizani moja, kila kampuni hujipimia yenyewe. Tairi mpya ikiwa bado na karatasi ya Ulaya, angalia pale penye picha ya wingu la mvua, herufi ni A mpaka E, hio ndio alama ya kushika kwenye maji, chukua A au B.

Kwa majina, mimi nimekuwa nikitazama zile za daraja la Michelin Pilot Sport 4 na Pilot Sport 5, Yokohama Advan Fleva, Bridgestone Potenza Adrenalin, hizo ni tairi za barabarani zenye roho ya mbio na mifereji ya kutosha. Siwezi kukwambia ziko duka gani wiki hii, saizi za gari zetu huja na kuisha. Ila jina lisikufunge macho, tairi ya jina kubwa iliokaa miaka minane ni mbaya kuliko ya jina dogo ya mwaka huu.

Kuna zile semisliki, tairi zilizo karibu na kipara za uwanja wa mbio, Advan A052, Potenza RE-71RS na ndugu zake, TREADWEAR 200, hizo kaskazi kwenye lami ya moto zashika mpaka shingo yauma. Nazipenda. Lakini mifereji yake ni michache na tairi huanza ikiwa na kina kidogo kuliko ya kawaida, na ukiitumia miezi mitatu ya kaskazi wafika masika imebaki sahani. Kama una rimu seti mbili, vaa hizo Disemba mpaka katikati ya Machi kisha uzivue, usingoje mvua ya kwanza ndio ukumbuke. Kama una seti moja tu achana nazo, kwa moyo wote nakwambia, achana nazo.

Mvua ya kwanza yenyewe niiseme kidogo kwa sababu ndio mbaya kuliko zinazofuata. Kaskazi nzima lami yakunywa dizeli na oili, Changamwe, Miritini, Jomvu mpaka Mariakani malori hayaishi mchana na usiku, halafu yaja manyunyu ya dakika kumi, hayatoshi kuosha, yainua ule mafuta juu tu. Kabro za mitaani nazo zikilowa zateleza, zile zilizosuguliwa na magari mpaka zang'aa ni kama sabuni. Hapo tairi yoyote yahitaji mguu mwepesi.

Maji yakiwa mengi ni habari nyingine, hapo gari yaelea. Tairi yapaswa kusukuma maji pembeni, ikishindwa maji yaingia chini yake kama kabari na wewe ghafla huna usukani wala breki. Mambo yanayoleta hilo ni matatu, spidi, kina cha meno, na upepo kidogo ndani ya tairi. Na angalia upana pia, tairi pana ina maji mengi zaidi ya kusukuma, mtu aliyetoa 225 akaweka 265 kwa sura amejiongezea kazi ya masika bila kujua. Tairi mpya ya kiangazi huwa na meno ya milimita 7 mpaka 8 hivi. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo, ukifuata maandishi TWI ubavuni utaviona, raba ikilingana na hivyo vinundu umebaki na 1.6 na hio tairi imekwisha. Lakini mimi kwa masika singoji 1.6, ikifika 3 natoa. Kipimo cha kina ni kitu kidogo cha bei rahisi, nunua kikae kwa dashibodi, pima ndani, katikati na nje ya kila tairi kwa sababu gari zetu zilizoshushwa hula upande wa ndani ambao wewe ukisimama hapo nje huuoni, nje pazuri, ndani nyuzi zatokeza.

Hii yanileta kwa lini ununue. Watu wengi huvaa tairi mpya ile zilizopo zimekwisha, mwezi wowote. Ukiweza panga iwe Februari au mwanzo wa Machi. Tairi mpya huja na utelezi wa kiwandani juu yake na yataka kilomita mia kadhaa za upole kabla haijakaa sawa, hizo zimalize kwenye ukavu. Halafu waingia Aprili na kina chote, wapita masika na vuli, na kaskazi inayofuata ile iliobaki yatosha kwa sababu meno yakipungua kwenye ukavu hayana madhara sana. Ni hesabu ndogo lakini yakupa kina siku ile wakihitaji.

Umri. Ubavuni tafuta neno DOT ufuate mpaka mwisho kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingine upande huu hakuna zile nne, ziko upande wa ndani, mwambie fundi ageuze. Raba hukauka hata kama haijatembea, na jua letu na joto lazidisha. Gari kuingia Kenya haifai kupita miaka minane, na tairi ilizokuja nazo zaweza kuwa na umri huo huo wa gari, meno yako, raba imekufa. Angalia vimipasuko vidogo kwenye mizizi ya meno na ubavuni. Mimi mpya sinunui iliopita miaka miwili tangu itoke kiwandani, na barabarani ikipita sita naitoa, hata kama yaonekana nzuri.

Mitumba. Najua hali, tairi nne za inchi 18 ni pesa, na zile za eksi Japani zilizopangwa pale nje zavutia. Ukilazimika, basi soma DOT, hakikisha si STUDLESS, ingiza mkono ndani upapase kama kuna kiraka karibu na ubavu au uvimbe, na angalia vile vinundu vya TWI, kama mifereji ni mirefu lakini vinundu havipo ama vimekatwa, hio imechongwa upya kwa kisu cha moto, meno yamechimbwa kwenye raba ambayo haikuwa ya meno, chini yake ni waya. Iache hapo hapo. Kwa gari ya kawaida ya mwendo wa pole mtu ataweza kubahatisha, kwa gari yenye nguvu hio sikubaliani nayo kabisa.

Saizi. Kibandiko kiko mlangoni mwa dereva, kwenye nguzo, kifuate. STI ya hachi (hatchback) nyingi zatumia 245/40R18, yaani upana milimita 245, kimo cha ubavu asilimia 40 ya upana, rimu inchi 18, Golf GTI ni 225/45R17 au 225/40R18. Ukitaka kubadilisha rimu, kimo chote cha tairi kibaki karibu pale pale, hesabu ni upana mara asilimia mara mbili ongeza rimu kwa milimita. Chukua 245/40R18, yatoka milimita 653. Ukienda 245/35R19 ni 654, kimo kile kile, sawa. Ukiweka 255/35R18 ni 636, gari imeshuka na spidomita yadanganya. Lakini hata kama 19 yaingia, jiulize wapita wapi. Masika yafukua mashimo na yajaza maji, huoni kina, na tairi ya 35 ikilishukia shimo raba yabanwa kati ya rimu na lami, kesho ubavuni umetoka uvimbe kama jipu. Uvimbe huo hauzibwi, nyuzi za ndani zimekatika, tairi ni ya kutupa. Mimi napendelea rimu ndogo kabisa ambayo breki zaingia, kwa gari yenye breki kubwa za Brembo ni 17 au 18, na ubavu wa tairi mnene kidogo. Na namba ya uzito, ile iliyo kabla ya herufi ya spidi, isishuke chini ya ya kiwandani, 91 ni kilo 615 kwa tairi, 94 ni 670, 97 ni 730.

Wenye Subaru na Evo, gari ya kuvutwa na magurudumu yote manne, sikilizeni. Tairi nne ziwe aina moja, saizi moja, na kulika sawa. Subaru wenyewe wasema mzunguko wa tairi usipishane zaidi ya robo inchi, milimita 6 na kidogo, ukipiga hesabu hio ni kama milimita moja tu ya meno. Ukiweka mbili mpya na mbili zilizolika nusu, difu ya katikati yafanya kazi bila kupumzika kila kilomita, yapata joto, na siku moja gari yaanza kuvuta na kugonga ukikata kona ya maegesho. Difu ni ghali kuliko tairi mbili ulizokwepa. Ndio maana pia zungusha tairi mbele nyuma kila kilomita 8,000 hivi, zilike pamoja. Kwa Mark X na gari za kuvutwa nyuma au mbele mbili zaweza kubadilishwa, na zile mpya zinaenda nyuma, hata kama gari yavutwa mbele, kwa sababu mkia ukielea kwenye maji hutaurudisha.

Upepo sasa. Kuna desturi hapa kwetu ya mtu kushusha upepo wakati wa joto, hasa akitaka kupanda Nairobi, aogopa tairi isipasuke. Ni kinyume. Tairi yenye upepo mdogo yabonyea zaidi kila ikizunguka, kule kubonyea ndio kwazaa joto, na joto ndio lapasua. Weka kipimo cha kibandiko, na kipime asubuhi gari haijatembea, maana kila nyuzi 5 au 6 za joto huongeza kama psi moja. Ukipima baada ya kutoka Mtwapa saa saba mchana utaona imezidi, utaitoa, na usiku umebaki pungufu. Vibandiko vya Kijapani vimeandikwa kPa, 220 ni psi 32, 230 ni 33, 240 ni 35. Vipimo vya vibanda vya pancha vingi vimeanguka chini mara mia, kuwa na chako. Na ukifika Nairobi usihangaike, baridi yashusha kidogo na mwinuko wapandisha kidogo, vyakaribia kufutana.

Sisi wa pwani tuna jambo letu jingine pia, hewa ya chumvi hula rimu ya aloi pale tairi inapokaa, ule ukingo wachafuka unga mweupe na upepo watoka pole pole, wiki kwa wiki psi mbili mbili, wazunguka kutafuta msumari na msumari haupo. Ukibadilisha tairi mwambie fundi asugue ukingo mpaka ung'ae kabla ya kuvalisha, na aweke vavu mpya.

Siku ya kuvalisha simama pale pale. Tairi yenye mshale na neno ROTATION izunguke upande wa mshale, ile ya meno ya V ikivaliwa kinyume yasukuma maji vibaya. Yenye OUTSIDE, neno hilo litazame nje, zote nne, nimeona gari imetoka dukani mbili nje mbili ndani. Fanya balansi, fanya alaimenti siku hio hio maana tairi mpya kwenye alaimenti mbovu zalika ndani kabla hujazifurahia. Nati zikazwe kwa spana ya kipimo kwa mkono, ile bunduki ya upepo yaweza kukaza mpaka disiki ipinde na uanze kusikia breki zatetemeka. Halafu ukishatembea kilomita 50 mpaka 100, nenda Mtwapa urudi mara mbili yatosha, pitia tena zikazwe upya rimu ikiwa imepoa.